Jacob “Ghost” Mulee, Kocha wa Zamani wa Harambee Stars

Bango hili limewekwa Gatuanyaga, wadi ya eneo bunge la Thika Mjini, kwa ajili ya vijana wanaocheza kandanda viwanjani na shuleni huku.

Jacob Mulee, ambaye wapenzi wa soka humwita Ghost, alijijengea jina la ukocha akiwa Tusker. Chini yake klabu hiyo ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa la CECAFA mwaka 2000, kisha ikalitetea 2001. Baadaye alikabidhiwa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, akaifikisha Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 nchini Tunisia. Kenya haikuwa imeonekana huko tangu 1992.

Kundi lilikuwa gumu. Mali walishinda 3-1. Senegal, waliokuwa wamefika robo fainali ya Kombe la Dunia la 2002, wakaongeza 3-0. Wengi wangekata tamaa. Lakini mechi ya mwisho Stars waliinyuka Burkina Faso 3-0, kwa mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo, na kwa maoni yetu unastahili kukumbukwa kuliko kombe lolote la klabu. Kenya ilikaa hadi 2019 kabla ya kurudi.

Mulee aliitwa tena kuinoa Stars, mara ya mwisho mwaka 2020. Wasiofuata soka humjua zaidi kwa sauti: ni mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Radio Jambo, akiwa na mtangazaji mwenzake Gidi.