Pilipili Haina Hukumu: Historia ya Kiungo Kilichopewa Kazi ya Kufichua Wachawi

Pilipili haistawi Bulongwa. Huku juu Makete, kwenye Milima ya Livingstone, mwezi wa sita na wa saba sakitu huunguza hata majani ya viazi, na mche wa pilipili ulioachwa nje hauna maisha marefu. Hii ni nchi ya viazi, ngano na pareto. Pilipili hupanda kutoka kwenye joto: Kyela na ufuko wa Ziwa Nyasa upande mmoja, bonde la Usangu upande wa pili, na magunia yanayoshushwa Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Imekuja kama bidhaa ya ugenini, na katika nchi yetu kitu kikali kinachotoka mbali hakiishii kwenye mchuzi.

Kazi zake za nyumbani anazijua kila mama. Mtoto akigoma kuacha ziwa, pilipili hupakwa kwenye chuchu. Anaonja mara moja, analia, na kesho yake analisogelea ziwa kwa mashaka. Maharage ya mbegu huchanganywa na majivu na pilipili ya kusaga ili fukusi wasiyatoboe. Nyoka akiingia nyumbani, pilipili kavu hutupwa kwenye makaa na watu wakatoka. Moshi wake hauonekani sana, lakini anayeuvuta atakohoa hadi machozi yamtoke na koo limkaukie.

Uganga uliingilia hapo. Kitu kinachoweza kumfukuza mtu chumbani bila kumgusa, kwa nini kisimfukuze na yule asiyeonekana? Ndiyo maana pilipili ikatiwa kwenye mafusho ya kutoa pepo, ikaogopwa hata mezani. Sehemu nyingi za Tanzania hadi leo watu hawapokezani pilipili mkono kwa mkono. Unaiweka chini, mwenzako anaiokota, la sivyo mtagombana. Ng'ambo ya bahari, huko India, pilipili kavu huzungushwa juu ya kichwa cha mtoto anayedhaniwa kupatwa na kijicho, kisha hutupwa motoni. Moshi usipokereketa, wanasema kijicho kilikuwepo na moto umekila. Desturi hiyo naiheshimu kwa sababu moja: kinachoteketea ni pilipili, mtoto hakuguswa.

Tunayaita haya yote mambo ya jadi, ya mababu. Lakini pilipili hizi kali, kichaa na mbuzi, asili yake ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 hapakuwa na mtu wa Afrika aliyewahi kuziona. Pwani yetu ilijua pilipili manga iliyoletwa na majahazi kutoka India. Wareno ndio waliozisambaza hizi kali kandokando ya bahari, na kufikia karne ya 19 Zanzibar ilikuwa ikiziuza nje. Mganga anayesema amerithi pilipili kutoka kwa babu wa babu yake husema kweli. Ila jadi yenyewe ilikuwa ikipokea wageni wakati wote.

Na huko ilikotoka, pilipili ilikuwa imeshapewa kazi ya kutesa. Kitabu cha michoro kiitwacho Codex Mendoza, kilichotengenezwa Mexico katika miaka ya 1540 na sasa kimehifadhiwa Oxford, kina picha ya mzazi wa Kiazteki akimshikilia mwanawe wa miaka 11 juu ya moshi wa pilipili. Kijana amekosa, anaadhibiwa. Machozi yamechorwa mashavuni.

Sayansi imeshaeleza yale machozi. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, Marekani, walitambua kipokezi cha neva kinachohisi joto kali, na kwamba kemikali ya pilipili, kapsaisini, inakifungua hicho hicho. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Maana yake ni kwamba mwili wa anayepakwa pilipili unapata taarifa ileile ya kuungua na moto, hata kama hakuna moto. Ndege hawana taabu hiyo; hula pilipili na kudondosha mbegu, ndiyo maana pilipili kichaa huota yenyewe chini ya miti. Lakini binadamu hana namna ya kuikataa. Mwema na mwovu, mchawi na asiye mchawi, wote watalia.

Hapa ndipo pilipili, ikitumiwa kumpima anayetuhumiwa uchawi, inapotofautiana na kipimo kikuu cha zamani cha nyanda hizi. Wanyakyusa, majirani ambao husimulia kwamba watawala wao waliteremka kutoka huku kwetu Ukinga, walikuwa na mwafi, kinywaji cha sumu ya mti. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba mshitaki na mshitakiwa waliweza kunywa mwafi wote wawili. Aliyetapika alikuwa safi. Aliyeshindwa kutapika alikuwa na hatia. Siutetei mwafi, ulikuwa sumu, na serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Lakini angalau ulikuwa na majibu mawili, na mshitaki naye aliweka mwili wake kwenye mizani. Pilipili ina jibu moja tu, na mshitaki husimama pembeni akitazama. Mtu akipiga kelele, wanasema pepo linatoka. Akikiri ili aachwe, wanasema kumbe tulikuwa sahihi.

Tumeona mwisho wake. Tangu miaka ya 1990, huko Kinshasa na miji mingine ya Kongo, maelfu ya watoto wametuhumiwa kuwa ndoki, yaani wachawi, na kufukuzwa majumbani, na watetezi wa haki za watoto wameandika visa vya pilipili kutiwa machoni kwa jina la maombi. Mambo hayo yalisafiri hadi Ulaya. Mwezi Novemba 2003, mtaa wa Hackney jijini London, alikutwa binti wa miaka 8 mwenye asili ya Angola, yuko nje kwenye baridi bila viatu. Alikuwa amepigwa, amechanjwa kwa kisu na kupakwa pilipili machoni na watu wazima waliomlea, wakiamini ni mchawi. Walihukumiwa mwaka 2005, na mwaka huohuo polisi wa London walianzisha kitengo maalumu cha kesi za namna hiyo.

Hayo si mambo ya mbali kwa mkoa wetu wa Njombe, uliotikiswa mwanzoni mwa 2019 na mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Sheria yetu ya Uchawi ni ya mwaka 1928, ya Mwingereza, na iliandikwa na watu waliojali zaidi utulivu wa utawala: ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa akakae kwingine. Naamini aliyehitaji kuzuiwa ni mwenye kutuhumu. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina maneno ya wazi zaidi: kifungu cha 13 kinakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili. Hakitaji pilipili kwa jina, wala hakihitaji. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio la kwanza dhidi ya madhara yanayotokana na tuhuma za uchawi.

Mganga, mchungaji au bibi anayetaka kufukiza nyumba tupu, na afukize. Lakini ukimkuta mtoto ametiwa pilipili machoni, usimwache ajifikiche. Mwoshe kwa maji safi mengi yanayotiririka, robo saa nzima au zaidi, kisha umfikishe hospitali siku hiyohiyo, na mtendaji wa kijiji apate habari kabla jua halijazama.