Maji ya betri

nm [ya-/ya-]. Neno hili lina maana mbili, na kuzichanganya huharibu betri na huweza kuunguza ngozi.

1. Maji yaliyokenekwa, ya kujazia betri ya risasi na asidi.

2. Tindikali ya salfa iliyozimuliwa kwa maji, ambayo hutiwa katika betri mpya. Hiyo ndiyo ikusudiwayo katika habari za watu waliomwagiwa maji ya betri.

Matumizi: Asafiriye kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, au kutoka Mbeya kwenda Kitulo, na kulala garini, huendesha friji na taa kwa betri ya pili. Betri hiyo inapochajiwa, hasa ikizidishiwa, maji hugeuka gesi za hidrojeni na oksijeni, ilhali asidi husalia. Kinachopungua basi ni maji, na cha kuongeza ni (1), si (2). Dukani ni heri kutaja lipi latakiwa. Seli hujazwa baada ya kuchaji. Mabamba yakiwa wazi, hufunikwa kwanza. Moto uwe mbali, maana hidrojeni hulipuka.

Baridi ya Juni na Julai hudhoofisha betri, na wengi huikatia tamaa mapema kwa kusema "imekufa". Betri ya volti 12 iliyotulia ikisoma takriban 12.6 imejaa, ikisoma 12.0, kwa kawaida "imeisha chaji" tu. "Kufa" ni kwa betri isiyoshika chaji tena.

Mfano: Aliongeza maji ya betri katika seli zote sita.

Taz. pia: chaji, keneka, tindikali.