Kiingereza cha Kidato cha Sita: Kilivyofika Kwetu

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mtihani, cheti, utingo. Neno la tatu litawashangaza wengine. Subirini kidogo.

Leo tunazungumza habari za Kiingereza. Siyo kile cha salamu, bali kile cha juu, kinachosomwa katika kidato cha tano na cha sita. Wengi wenu mna watoto au wajukuu katika shule hizo. Wanarudi likizo na vitabu vinene, nanyi mnajiuliza: lugha hii ilipataje nguvu namna hii?

Zamani za utawala wa Waingereza, kijana wa Tanganyika aliyefaulu sana alitoka sekondari akaenda moja kwa moja Makerere, Uganda. Julius Nyerere alitoka Tabora akaingia Makerere mwaka 1943. Hakupita kidato cha sita, kwa maana hakikuwapo. Kilianza kwetu mwishoni mwa ukoloni, na kwa watu wachache mno. Mwaka 1961, tulipopata uhuru, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 176 tu katika kidato cha sita. Mwaka 1967 walikuwa 830. Andikeni tarakimu hizo katika madaftari yenu.

Maswali ya mtihani yalitungwa Cambridge, Uingereza, na majibu yakapelekwa huko huko kusahihishwa. Basi mtoto wa Songea au wa Bukoba aliandika juu ya tamthilia za Shakespeare, na msahihishaji wake hakupata kumwona wala kuijua nchi yake. Hata aliyechagua hesabu au kemia alijibu kwa Kiingereza.

Sasa tulitazame lile neno utingo. Mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, anamkumbuka mvulana mmoja wa darasa lake la mwaka 1954. Mvulana huyo alipata alama za juu kabisa katika masomo yote, ila Kiingereza alianguka. Akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima. Akaenda kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za kawaida, alikuwa amefaulu Kiingereza vizuri, akapata nafasi katika Alliance High School. Huo ulikuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kumbe mlango wa kidato cha sita ulifungwa mapema hivyo, hata kabla mtoto hajaota ndevu! Mimi huona kwamba kosa halikuwa la lugha. Kosa lilikuwa la kuipima akili yote ya mtu kwa kipimo kimoja.

Wako waliojibu kwa njia yao. Nyerere, aliyekipenda sana Kiingereza, alifasiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, tena akiwa Rais. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Wengine walishika njia ya ubishi. Mwezi wa Oktoba 1968, huko Nairobi, Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu iondolewe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo.

Mambo yakabadilika, ingawa polepole. Tanzania ilijitoa katika mitihani ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa mwaka 1973. Vitabu vya Waafrika viliingia darasani. A Man of the People cha Chinua Achebe, kilichotoka mwaka 1966, kimesomwa kwa miaka mingi na vijana wetu wa kidato cha tano na sita. Kenya iliacha kidato cha sita. Mtihani wake wa mwisho ulifanywa mwaka 1989. Tanzania na Uganda bado wanacho.

Sasa kazi ya darasa. Toeni 176 katika 830, mwone wanafunzi waliongezeka wangapi kwa miaka sita. Kisha kila mmoja aandike sentensi mbili juu ya yule mvulana wa mwaka 1954: je, ungekuwa mzazi wake, ungemwambia nini siku ile ya matokeo?

Tutakutana katika somo lijalo. Kwaherini.