Mzigo wa Kibiti ukifika mpakani: nani anatoza nini, na kwa karatasi gani

Wilaya ya Kibiti haipakani na nchi yoyote. Kutoka Kibiti mjini hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 140, na kutoka Dar es Salaam hadi Horohoro, kituo cha mpaka wa Kenya kwa barabara ya pwani, ni nyingine zaidi ya 400. Hata hivyo bei ya nazi pale Bungu, ya mchele Ikwiriri au ya dagaa wakavu Nyamisati inaguswa na yanayotokea huko mbali. Mnunuzi aliyekuja na lori husema neno moja tu: "Mpakani wananimaliza kwa ushuru." Bei inashuka hapo hapo. Muuzaji hana la kujibu, maana hajui mpakani kunatozwa nini na kwa sheria ipi.

Makala hii tumeiandika ili apate la kujibu.

Mipaka haifanani

Kwa nchi kavu, Tanzania inafanya biashara na majirani wanane. Kwa Kenya tuna Horohoro, Holili, Tarakea, Namanga na Sirari. Kwa Uganda ni Mutukula, Rwanda ni Rusumo, Burundi ni Kabanga. Kusini magharibi tuna Tunduma kwa Zambia na Kasumulu kwa Malawi. Kusini kabisa, kwa Msumbiji, kuna Mtambaswala na Kilambo, zote zikiwa mkoani Mtwara. Jirani wa nane, Kongo, tunapakana naye ndani ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo lori haliendi kwake bila kupita nchi ya tatu. Hilo tutalirudia.

Watu wengi hudhani mpaka ni mpaka. Sivyo. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye umoja wa forodha ulioanza kazi Januari 2005. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasili hailipiwi ushuru wa forodha inapovuka. Zambia, Malawi na Msumbiji hazimo. Nazo tunafanya biashara kwa taratibu za SADC, ambazo zina msamaha wake na cheti chake. Tena Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo ule utaratibu mwepesi ambao mfanyabiashara mdogo wa Zambia na wa Malawi wanautumia wao kwa wao, Mtanzania haupati. Karatasi iliyokuvusha Namanga haitakuvusha Tunduma.

Kwa hiyo mnunuzi akikwambia "mpakani", swali la kwanza ni: mpaka upi?

Horohoro, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mama anayekusanya nazi Bungu na Jaribu, anapata mzigo wa shilingi milioni 3 na anataka kuupeleka Mombasa. Huyu ana nafuu ambayo wengi hawaijui. Jumuiya imeweka utaratibu wa wafanyabiashara wadogo: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ambazo ni karibu shilingi milioni 5 kutegemea kiwango cha siku, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa pale pale mpakani. Sharti ni kwamba bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Mazao mengi ya shambani yamo. Kwa mzigo kama huo hahitaji kumlipa wakala wa forodha. Anaweza kushughulikia karatasi zake mwenyewe.

Mzigo ukizidi kiwango hicho, anahitaji cheti cha kawaida cha uasili, ambacho hapa nchini hushughulikiwa na chemba ya biashara, TCCIA, na atahitaji wakala. Msamaha wa ushuru haupotei kwa sababu mzigo ni mkubwa. Kinachobadilika ni njia ya kuupata. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa maroli wanapotupiga chenga: wana cheti, hawalipi ushuru wa forodha hata senti moja, lakini shambani wanaukata kwenye bei yako.

Tuseme ukweli wote, maana mnunuzi naye ana gharama za kweli. Msamaha ni wa ushuru wa forodha peke yake. Kuna ada za ukaguzi, kuna kodi za ndani za nchi anakokwenda kwa bidhaa zinazotozwa, kuna wakala, mafuta, na siku ambazo lori linasimama. Kwa mzigo wa mimea anahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa Kenya, mwagizaji anatakiwa awe na kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS kabla mzigo haujaondoka huku. Mnunuzi asiye na kibali hicho akifika mpakani atakwama, na mara nyingi akikwama hupiga simu kijijini kusema hawezi kumalizia malipo. Ukiuza kwa mkopo, uliza kibali kwanza.

Na yeye mama wa nazi, avuke kwa hati gani? Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Ujirani mwema unaowavusha watu wa vijiji vya mpakani haumhusu mtu wa Kibiti.

Akifika atashangaa jambo moja. Vituo vingi sasa ni vya huduma kwa pamoja: maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Anayetoka Tanzania kwenda Kenya hasimami upande wa Tanzania. Anapitiliza hadi upande wa Kenya, na humo anamkuta ofisa wa Tanzania anayemtoa na wa Kenya anayempokea. Namanga ilizinduliwa hivyo Desemba 2018, Mutukula 2017, Tunduma na Nakonde 2019. Asiyejua hili ndiye anayedakwa na vijana wa nje ya geti wanaojiita mawakala na kumwambia "ofisi imefungwa, nipe mimi." Wakala halali ana leseni na anatoa risiti.

Geti la kwanza liko kwenu

Mzozo mwingi tunaousikia hautokei Horohoro. Unatokea kwenye kizuizi cha halmashauri, kabla hata lori halijafika Mkuranga. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikafuta kabisa ushuru huo kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Viwango hurekebishwa bungeni, kwa hiyo uliza ofisi ya halmashauri cha mwaka huu. Ushuru ukilipwa, risiti ya mashine ikae kwenye lori. Kazi yake haiishii getini: inaonyesha mzigo umetoka wapi, na kwa mchele hilo ni jambo kubwa.

Kwa nini mchele unaulizwa sana

Mchele unaotoka nje ya Jumuiya, kwa mfano Pakistani au Thailand, umewekewa ushuru wa asilimia 75 ya thamani yake au dola 345 kwa tani, kile kinachozidi. Kenya imeruhusiwa kutoza asilimia 35. Mchele wa bonde la Rufiji ukivuka Horohoro na cheti chake hautozwi kitu. Tofauti hiyo ni ulinzi mkubwa kwa mkulima wetu, lakini pia ni kishawishi: mchele wa meli ukibadilishiwa gunia na kuitwa wa Tanzania, mtu anatajirika kwa siku moja. Ndiyo sababu ofisa wa upande wa pili huuangalia mchele wetu kwa jicho la shaka. Risiti ya mashine ya kukoboa ya Ikwiriri au Kibiti pamoja na ya ushuru wa halmashauri ni vitu vidogo vinavyompunguzia shaka.

Mpunga tayari una mitihani ya kutosha. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifagia mashamba ya Rufiji na Kibiti, na aliyebakiwa na gunia tano hana sababu ya kuzipunguza bei kwa ushuru ambao haupo.

Mpaka unaweza kufungwa ghafla

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Maroli yakapanga foleni. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Mwezi Mei Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, na biashara ya mahindi ikawa miongoni mwa mazungumzo yake na Rais Uhuru Kenyatta.

Somo lake kwa watu wa delta ni la turubai. Unyevu wetu ni wa pwani, na mahindi au karanga zilizoanikwa chini kwenye udongo hazisafiri. Mnunuzi mwenye kipimo cha unyevu akizikataa, hajakuonea.

Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Malawi. Mwezi Machi ilizuia bidhaa kadhaa kutoka nje, mchele, unga wa mahindi, tangawizi na ndizi zikiwemo, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini. Zuio la Tanzania halikudumu, mazungumzo yalifuata. Lakini ndizi hazisubiri mazungumzo.

Dagaa wa kwenda Kongo

Dagaa na samaki wakavu wa pwani wana soko kubwa Lubumbashi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wapo wanaosema kuanzia hapo mzigo hupita bure. Tazama ramani. Lori linapita Tunduma, linakata Zambia, linaingia Kongo kwa Kasumbalesa. Zambia si mwanachama, kwa hiyo ndani yake mzigo unasafiri kama wa kupita tu, chini ya dhamana ya forodha, na karatasi zake ni lazima ziseme hivyo tangu Tunduma. Juu ya hapo kuna kibali na cheti cha afya vya idara ya uvuvi. Biashara hii ni ya watu wenye mtaji na mawakala, na mvuvi wa Nyamisati mara nyingi anauza kwa mtu wa tatu au wa nne kabla ya mpaka. Kila mkono unakata chake.

Njia ya kusini

Barabara inayopita Kibiti na Daraja la Mkapa ndiyo inayokwenda hadi Ruvuma. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010, na Kilambo huvukwa kwa kivuko kwenda upande wa Palma. Biashara ya Kilambo iliumizwa na mashambulizi ya Cabo Delgado yaliyoanza 2017. Palma yenyewe ilivamiwa Machi 2021. Kwa sasa soko la mtu wa delta liko zaidi kaskazini.

Visivyovuka kiholela

Korosho ghafi na ufuta haviuzwi kwa lori la usiku. Korosho hupita ghalani na mnadani kupitia vyama vya msingi chini ya Bodi ya Korosho, na ufuta uko chini ya usimamizi wa COPRA. Mzigo wa namna hiyo ukikamatwa njiani, hata cheti cha uasili hakiusaidii. Boriti za mikoko, ambazo enzi za majahazi zilikwenda hadi Arabuni, ni mali ya msitu wa hifadhi. Hazikatwi wala hazisafirishwi bila kibali cha TFS, na magogo hayaruhusiwi kutoka nchini.

Njia za panya huonekana rahisi mpaka siku ya kukamatwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu mzigo kutaifishwa na chombo kushikiliwa, na kwa magendo kifungo kinaweza kufika miaka 5. Anayepoteza mara nyingi si tajiri mwenye mzigo. Ni dereva, au mwanakijiji aliyeuza kwa mkopo.

Jambo la mwisho ni la karibuni. Amri ya serikali ya Julai 2025 imewakataza wasio raia kununua mazao shambani, na pia kufanya biashara ya uwakala. Mnunuzi kutoka nchi jirani bado anaruhusiwa kununua, ila kupitia chama, mnada au mfanyabiashara raia mwenye leseni. Akija mwenyewe shambani na mizani yake, anavunja sheria, na mwenyeji anayemficha naye ana adhabu yake.