Safu ya Lugha: Chavua

Ukitaja chavua, wengi huwaza unga wa njano wa mbelewele za mahindi, unaopeperushwa na upepo. Kwa okidi, maana hiyo inabana. Vanila, okidi inayolimwa kule Kagera, chavua yake hunata kwa pamoja kama kibonge cha unga uliolowa, upepo hauiwezi. Ua lina petali tatu, na moja imejikunja ikawa mdomo. Ndani ya mdomo huo sehemu ya kiume na ya kike zimeungana kuwa nguzo moja: chavua juu, stigma chini, na katikati kigozi chembamba kinachozitenganisha. Mimi nakiita kikope, mpaka wataalamu watuletee jina zuri zaidi.

Ua hufunguka asubuhi moja tu, basi mkulima hachelewi. Huchana mdomo kwa kijiti, hukiinua kikope, kisha hubonyeza kwa kidole gumba mpaka kibonge kigandie kwenye stigma. Mbinu hii aliibuni Edmond Albius mwaka 1841 kisiwani Réunion, mtumwa wa miaka 12. Nayo tunaiita kuchavusha, kitenzi kile kile tunachompa nyuki.