Lugha ya BASIC na Mlango wa Anayeanza

Mtu anayeanza kujifunza lugha ya programu, yaani lugha ya kuipa kompyuta maagizo, hukutana na istilahi kabla ya kukutana na hesabu. Historia ya lugha iitwayo BASIC yaonyesha jinsi uteuzi wa maneno uwezavyo kumfungulia mlango au kumfungia.

Hapo awali kompyuta ilikuwa chombo cha wataalamu. Mwenye kazi aliiandaa kwa kadi zilizotobolewa matundu, akawakabidhi wahudumu wa mashine, kisha akangoja kwa muda mrefu, pengine aambiwe tu kwamba kosa la alama moja limeharibu yote. Katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitaka hata wanafunzi wasiosoma sayansi waitumie. Wakaunda BASIC, na programu zake za kwanza zikaendeshwa alfajiri ya tarehe 1 Mei, 1964. Kwa kuwa kompyuta iligawa wakati wake baina ya watumiaji wengi, mwanafunzi hakungoja sana kupata jibu.

Maneno nayo yaliteuliwa kwa makusudi. Aliyeingia kazini aliandika HELLO, ambayo ni salamu. Aliyeondoka aliandika GOODBYE, yaani kwaheri.

Hata hivyo, urahisi huo ulikuwa wa mwenye kujua Kiingereza. Kwa mwanafunzi wetu, agizo LET laweza kupotosha likifasiriwa "acha" au "ruhusu". Tazama LET X = X + 1. Kihisabati huo ni uongo, maana hakuna namba iliyo sawa na nafsi yake ikiongezwa moja. Lakini agizo lasema: chukua thamani iliyomo katika X, ongeza 1, kisha weka jumla mahali palepale. Kwa hiyo neno lifaalo ni "weka", na alama ile isisomwe "ni sawa na". Python, ifundishwayo sana leo, haina LET, lakini X = X + 1 ingalimo, na utata wake ungalimo.

Basi hapana budi mwalimu na mfasiri waliache agizo lenyewe kama lilivyo, kwani mashine haitalitambua likibadilishwa, bali wafasiri kazi lifanyayo. Mara nyingi anayeanza hakupungukiwa akili, amepungukiwa neno.