Nambari za Vichwa vya Sehemu: Kutoka Mkono wa Mwandishi hadi Hesabu ya Kompyuta

Yeyote aliyeandika tasnifu kwa taipureta aijua adha hii. Amekwisha kumaliza sehemu 9, kisha msimamizi wake anamtaka aongeze sehemu mpya baada ya ile ya 2. Papo hapo sehemu ya 3 yageuka kuwa ya 4, 3.1 yageuka kuwa 4.1, na kila palipoandikwa «tazama 3.1» pamekuwa uongo. Kumbe nambari si mali ya kichwa chenyewe. Hutokana na mahali kichwa kilipo katika mfuatano.

Kazi ya kuhesabu ilihamia kwenye kompyuta hatua kwa hatua. Mwaka 1964 Jerome Saltzer, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitunga programu ya RUNOFF: mwandishi aliandika herufi tupu, akachanganya humo amri zilizoanza kwa nukta, na mashine ikapanga kurasa. Katika miaka ya 1970 Joe Ossanna, wa maabara ya Bell, alitunga troff, yenye vihesabio ambavyo mwandishi aliweza kuvipa majina. Juu ya msingi huo Mike Lesk aliunda amri za ms, ambamo herufi .NH zilitosha kukipa kichwa nambari yake.

Leslie Lamport, mtunzi wa LaTeX katika miaka ya 1980, alizingatia pia marejeo. Katika mfumo wake mwandishi hukipa kichwa jina, na popote anapokirejelea hulitaja jina hilo. Kompyuta huyapitia maandishi mara ya kwanza ikiweka nambari katika faili la pembeni, na mara ya pili ikizijaza panapohusika.

Kurasa za intaneti hazikuurithi utaratibu huo. HTML, lugha iliyobuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN, ilileta ngazi 6 za vichwa bila kuvihesabu. Kanuni za CSS2 za mwaka 1998 ndizo zilizoleta vihesabio: kila kichwa kipya huongeza moja, na sehemu kuu mpya ianzapo, hesabu ya sehemu ndogo hurudi kwenye sifuri. Hata hivyo nambari hizo huchorwa tu wakati ukurasa unapoonyeshwa. Mwaka 2004 John Gruber alitoa Markdown, ambamo kichwa hutangulizwa alama # moja hadi 6. Programu ya pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na mwanafalsafa John MacFarlane, huweza kusoma maandishi ya namna hiyo na kuzitia nambari ndani ya ukurasa wenyewe. Njia hii yafaa sana kwa tovuti tuli, yaani zile ambazo kurasa zake hutayarishwa kabla msomaji hajaziomba.

Hata hivyo, faida hii ina gharama yake. Robert Estienne alipozihesabu aya za Agano Jipya mwaka 1551, nambari zake zilidumu, na kwa sababu hiyo wasomaji wa lugha mbalimbali hukutana kwenye aya moja. Nambari ijibadilishayo haiwezi kuwa anwani: aliyenukuu 3.1 jana huenda kesho akapelekwa penginepo. Basi nambari na ionyeshe mpangilio, na jina lisilobadilika libebe marejeo. Mwandishi anayeyatenganisha mambo haya mawili huweza kuirekebisha kazi yake bila kumpoteza msomaji wake.